Vibaya Ipi?

Bosi alikuwa na swali moja tu, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "asante." Ndipo karani wa mapokezi akaburutwa hadi chumba cha mashine atafsiri, ingawa mshtakiwa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye pale kwa dobi wote walimwita Povu.

Povu alikuwa ametia buti zake zilizolowa kwenye mashine ya kukaushia mashuka. Zikagonga huko ndani mpaka mlango ukapinda.

Bosi alitaka kujua: ni misuse au ni abuse? Kama ni misuse, atafundishwa upya. Kama ni abuse, kazi hana.

Karani akageuka. "Shemeji, anauliza, uliitumia vibaya, au..." Akakwama. "Au uliitumia vibaya?"

Povu akamkodolea macho. "Sasa nichague vibaya ipi?"

"Usinichekeshe, sina hali hiyo."

"Lakini hiyo abuse naijua. Si kutukana? Basi kuitukana naitukana, kila asubuhi, yenyewe shahidi." Akamgeukia bosi kwa moyo mweupe. "Yes, abu..."

Karani akamkanyaga mguu. "Ziba hilo domo! Nisikilize. Misuse ni kuipa kazi isiyo yake, kama hizo buti zako. Abuse ni kuitesa, kuipiga makusudi. Ukibugi hapa, wewe unayelala sebuleni kwangu utashinda humo humo mchana kutwa, ukinimalizia sukari. Haya, umewahi kuipiga?"

"Mimi? Hata kidole!"

Karani akampa bosi jibu: misuse, misuse tupu. Akalirudia hadi koo likakauka. Bosi akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Mafunzo kesho. Kwa sasa Povu awashe mashine ya pili iliyo kando, bosi amwone anavyofanya kazi.

Karani akashusha pumzi.

Povu akajaza mashuka, akafunga mlango, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Basi akarudi nyuma kidogo, akapandisha suruali, akaitandika teke la ubavu. Mashine ikanguruma, naye akageuka akitabasamu kama bwana harusi.

Bosi akamnyooshea Povu kiganja kudai funguo za chumba cha mashine.

"Abuse," akasema taratibu.

Karani akafumba macho. Sukari aliiona ikiisha.

"Aa, hapana!" Povu akaruka. "Shemeji, mbona umenyamaza? Mwambie bwana! Leo sijaitukana hata neno moja!"