Mfereji kwenye Tovuti ya Mideva

Jumamosi saa nne na robo asubuhi, Mideva alikuwa amemaliza kumpaka Jepchirchir dawa ya kulainisha nywele, na mtu wa mkokoteni wa maji alikuwa hajafika. Dawa ile hukaa kichwani dakika kumi na tano. Ikizidi hapo, inaondoka na nywele na ngozi yake. Jepchirchir, mwalimu wa hisabati, alihesabu dakika bila kutazama saa, na alikuwa amefika sita.

Mideva hakukaa bure. Wiki hiyo saluni yake ilikuwa imepata tovuti, yake mwenyewe, jina lake juu kabisa kwa herufi za zambarau, na furaha ilikuwa imemnyima usingizi siku tatu. Alikuwa ameshapakia video tano za misuko. Ya sita ilikuwa ya miaka miwili nyuma, siku Mheshimiwa Phineas alipozindua mfereji wa mtaa, hatua ishirini kutoka mlango wa saluni. Wanawake waliocheza ngoma ya isukuti siku hiyo walisukwa na Mideva, na kila walipotikisa mabega, kazi yake ilionekana vizuri sana. Mfereji wenyewe ulitoa maji dakika sita, mpaka yale ya lori lililofichwa nyuma ya kanisa yakaisha. Tangu hapo umekaliwa na buibui.

"Imeingia," alisema Mideva, akaicheza.

Mheshimiwa alihutubu. Dakika ya nne na nusu akafungua mfereji, Mideva akapiga makofi kwa furaha ya kuona video yake inaenda bila kukwama, na maji yakatoka kwenye kioo cha kompyuta, yakapita juu ya kibodi, yakamlowesha viatu.

"Leta karai," alisema Jepchirchir. "Kichwa inachoma."

Mideva alileta karai. Yalikuwa maji safi, baridi, yenye harufu kidogo ya dizeli. Nywele zilitoka laini, na kompyuta haikudhurika, ambalo lilikuwa jambo jema kwa sababu video ya saba ilikuwa bado.

Kufikia saa saba foleni ya mitungi ilikuwa imempita kinyozi na muuza viatu. Mtaa ulichangamka kama Krismasi. Wajuaji walijaribu njia zao. Video ileile ikichezwa kwenye simu, haikutoa hata tone. Ilipowekwa kwenye mtandao wa video wa umma, maji yalikatizwa na tangazo la sabuni, na sabuni haikutoka. Kwenye tovuti ya Mideva pekee ndipo yalipotiririka dakika sita kamili, na ukiianza video upya, yanaanza upya. Mtu wa mkokoteni alifika jioni, akaona hali, akajaza mitungi yake mwenyewe.

"Si uruke hapo kwa hotuba?" mtu huyo alimuuliza Mideva.

"Nikiruka inatoanga hewa."

Sharti la pili aliligundua Mama Navalayo, muuza mboga za murenda wa mlango wa pili. Siku moja alikuwa peke yake kwenye foleni, ameshika mtungi huku na huku. Mheshimiwa alifika pale anaposema, "Kuanzia leo, hakuna mama wa hapa atabeba mtungi tena," akafungua mfereji, ukakohoa tu. Mama Navalayo akaweka mitungi chini, akapiga makofi, na maji yakaja. Tangu hapo watu walipiga makofi pale pale, kila mmoja na mtungi wake miguuni. Kigelegele kikubwa kuliko vyote kwenye video kilikuwa cha Mideva mwenyewe. Alikuwa ameyaamini yale maneno, na aliona haya kila aliposikia sauti yake.

Wiki ya saba Mheshimiwa alikuja mwenyewe. Mideva alikuwa amemwandikia barua tatu kuhusu mfereji wa nje, na alipoliona gari alidhani amekuja kuzijibu. Jepchirchir alikuwa tena kwenye kiti, akimaliziwa kupakwa dawa.

Mheshimiwa aliitazama hotuba yote, midomo yake ikiyafuata maneno. Watu wakapiga makofi, na yeye akapiga. Maji yalipotoka alinawa mikono, na msaidizi wake akaandika kwenye daftari kwamba mtaa huu uondolewe kwenye orodha ya mitaa isiyo na maji.

"Mheshimiwa, hiyo ni video," alisema Mideva. "Ule mfereji wa ukweli uko hapo nje. Hata haujaunganishwa na bomba."

"Mama, maji si inatoka?"

"Inatoka."

"Basi shida iko wapi?"

Mheshimiwa aliondoka dakika ya tisa ya dawa kichwani mwa Jepchirchir. Mitungi ya foleni ilikuwa imemaliza maji yote ya mara ile. Mideva alikasirika mpaka masikio yakawa moto. Alifuta glavu kwa taulo, akaianza video upya, akasimama mikono ameikunja kifuani.

"Kuanzia leo," alisema Mheshimiwa, "hakuna mama wa hapa atabeba mtungi tena." Kigelegele kikapanda. Mfereji ukakohoa. Foleni ilikuwa ikimsindikiza mgeni garini, na saluni ilikuwa na watu wawili tu, mmoja akiwa ameshikilia kiti kwa mikono yote miwili, kichwa kikimchoma.

"Mideva," alisema Jepchirchir. "Kumi na nne."

Mideva akavua glavu, akapiga makofi, na maji yakaja.