Bosi Chen Anahijai

Mimi Muzdalifa sikuumbwa na woga mwingi, na Kitaliano nakijua. Nimekulia Kiwengwa, Unguja, ambako Wataliano wamejaa mahotelini, nikakipata kwa masikio kabla ya kukisomea. Kwa hiyo Chen, mwenye duka la viatu vya jumla hapa Xiaobei, aliponitazama juu hadi chini akasema, "Wewe si Mtaliano," nilimjibu kwa Kichina chake, "Na wewe si kiatu, laoban," yaani bosi, "lakini unauza viatu."

Dorothea, rafiki yangu wa Bukoba aliyenipeleka, alinikanyaga mguu. Alikuwa na haki. Masomo yaliyonileta Uchina nilishamaliza, kibali changu cha kukaa kilikuwa kinakwisha, na bila kazi hii ya kuwafundisha wauzaji wake lugha ya wateja wa Milano, ningerudi nyumbani mikono mitupu. Chen akaniambia nifundishe pale pale aone, naye akaketi kati ya wauzaji.

Sikuandika kanuni hata moja. Niliwahijaisha kama nilivyohijaishwa chuo cha Kurani utotoni: darasa zima, kwa sauti, kiganja kikipiga meza kwa kila silabi. *Scar-pa. Sca-to-la. Fab-bri-ca.* Kiatu, boksi, kiwanda. Akikosea mtu, namwambia "Rudia", naye anaanza tangu neno la kwanza. Lilinitoka kwa Kiswahili, na wakalielewa. Kisha nikawaonyesha maneno yanavyozaana. Kiswahili hubadilika kichwani: mtoto, kitoto, utoto. Kitaliano hubadilika miguuni: *scarpa* ni kiatu, *scarpetta* kiatu kidogo, *scarpone* buti. Watu wa viatu hao, mambo ya miguuni waliyashika upesi, nami nikafurahi mno.

Ikafika zamu ya Chen. "*Fa-bri-ca*," akasoma, b moja akaimeza.

Kiganja changu kiligonga meza kabla sijafikiri. "Rudia. Anza mwanzo." Kwa ukali ule ule wa maalim wangu, ambaye hakujali wewe mtoto wa nani.

Huku bosi hasahihishwi mbele ya wafanyakazi wake, na hata mgeni wa juzi analijua hilo. Dorothea akafunika uso. Niliogopa, lakini radhi sikuomba. Mficha uchi hazai, na asiyetaka kukosea mbele za watu hasomi.

Chen aliiva masikio. Akanyoosha shati. "*Scar-pa*," akaanza, tangu mwanzo kabisa. "*Sca-to-la. Fab-bri-ca*." Akainuka, akatoka bila kuaga.

Tulishuka hadi mtaa wa Dengfeng. "Kafunge mizigo, dada," Dorothea akaniambia. Sikufunga.

Jumatatu nikapigiwa simu niende dukani. Kabla sijafungua mlango nilisikia meza ikigongwa. Chen alikuwa amesimama mbele ya wauzaji wake, na mmoja alikuwa amekwama katikati ya neno.

"Rudia," Chen akamwambia. "Anza mwanzo."

Aliponiona akanipisha, akaenda kuketi mstari wa mbele.