Vibao Kumi na Tisa vya Kulia

Vemund Skarseth, fundi wa piano wa klabu yetu ya jazi, huongea peke yake akifanya kazi. Asubuhi hiyo ya Januari 2014 alikuwa ameifungua piano yetu kuukuu na kuchomoa kibao chake cha kwanza. Ghafla akaacha kuongea peke yake, akaniita.

"Asgaut! Njoo uone hazina yako, mzee wa tarehe."

Mafundi waliomtangulia walikuwa na desturi ya kuandika kwa penseli, ubavuni mwa kibao hicho, tarehe ya kila mara walipokaza nyuzi. Nilikuwa naandika kitabu cha miaka hamsini ya klabu, na kilitakiwa kiwanda cha uchapaji baada ya wiki tatu. Nikatoa daftari.

"Soma."

"Tarehe nne Novemba, sabini na saba. Halafu ishirini na mbili Mei, sabini na nane. Mwandiko wa Hallstein huu, utadhani kuku kakanyaga theluji."

"Na hapo katikati?"

"Hapo katikati hakuna kitu."

"Angalia tena."

"Bwana, hiki ni kibao, si Biblia. Nimesema hakuna."

Nilijua hakuna kabla hajatazama. Nilimwomba aangalie tena kwa sababu kwa miaka thelathini na sita nilikuwa nimetumaini kwamba labda nimesahau vibaya.

Nilikuwa mwenyekiti wa klabu kwa miaka kumi na minne, na mhakiki wa jazi wa gazeti la mji kwa miaka ishirini na sita. Miaka yote kumi na minne nilizifanya kazi hizo mbili kwa pamoja. Katika mji wetu wa Kristiansund, pwani ya Norwe, wakati huo hakuna aliyeshangaa. Waliopenda jazi walikuwa wachache, na walioweza kuiandikia walikuwa mimi. Niliwaalika wanamuziki, nikawapokea uwanja wa ndege, nikawapikia bakalao, mchuzi wetu wa samaki mkavu, kisha usiku nikakaa safu ya tatu na daftari. Jumatatu mji ulisoma kama walipiga vizuri. Kwa kawaida walipiga vizuri.

Mapema Machi 1978 msomaji mmoja aliandika gazetini kwamba fisi amekabidhiwa bucha, na sasa anatuandikia jinsi nyama ilivyo tamu. Watu walinicheka hadi kwenye foleni ya mkate. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo, tarehe kumi na moja, alipiga Gudveig Aspøy. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Nordlandet, ng'ambo ya maji, na hilo lilikuwa onyesho lake la kwanza kwa jina lake mwenyewe. Saa kumi alasiri aliijaribu piano, kisha akanifuata jikoni nilikokuwa nakata vitunguu.

"Asgaut, vibao vya juu vimeharibika sauti. Kumi na tisa vya mwisho kulia. Nimevihesabu."

"Nitampigia Hallstein."

"Leo hii?"

"Leo hii, Gudveig. Nenda kapumzike."

Sikumpigia. Hallstein, fundi wetu wa wakati huo, alikuwa nyumbani kwake, dakika kumi na tano kwa miguu. Nilimaliza vitunguu, nikapanga viti, nikaandika upya maneno ya kumkaribisha mwanamuziki, maana sikuridhika na sentensi ya pili. Nilipokumbuka, watu walikuwa wameshatundika makoti.

Gudveig alipiga kwa saa moja na nusu bila kugusa vibao vile kumi na tisa. Mara tatu mkono wake wa kulia ulipanda, ukafika mpakani, ukarudi. Niliona, nikajua sababu, na nikaandika hivi:

"Bi Aspøy anaogopa upande wa kulia wa piano. Mkono wake unapanda kisha unarudi kama uliogusa jiko. Anayetaka kupiga jazi lazima aingie kila chumba cha nyumba. Yeye anabaki sebuleni."

Nilikuwa nimemthibitishia yule msomaji kwamba fisi anaweza kuuma. Alikuwa msichana wa hapa, hana kampuni ya santuri wala rafiki Oslo, na kumuuma hakukunigharimu kitu. Sentensi ya sebule ilipendwa. Kufikia Pasaka mji mzima ulimwita Sebule.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila uhakiki wangu niliutolea nakala na kuituma kwa klabu kumi na moja za pwani, ili waandaaji wenzangu wajue nani wa kumwalika. Klabu nne zilikuwa zimeshamwalika Gudveig kwa majira yale. Zote nne zilimwandikia kuahirisha, na hazikupanga tarehe nyingine. Najua kwa sababu mbili kati yake ziliniandikia mimi kunishukuru. Hakupiga tena jazi mbele ya watu. Alikwenda kufundisha piano katika shule ya muziki ya manispaa, na bado anafundisha.

Siku mbili baada ya Vemund kunisomea kile kibao, nilipanda boti ya saa nne kwenda Nordlandet. Gudveig alinifungulia mlango, akanitazama viatu, nikavivua. Jikoni akanimiminia kahawa. Nikamweleza yote kwa mpangilio, nikiwa na tarehe mbili nilizonakili.

Alisubiri nimalize.

"Hizi ndizo habari ulizovukia maji?"

"Nilidhani hujui."

"Asgaut, vidole vilikuwa vyangu. Na Jumatatu ile nilikutana na Hallstein dukani, akaniuliza, 'Piano ilikuwaje?' Fundi aliyeikaza juzi haulizi hivyo. Nilijua kabla sijafika nyumbani."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwenyekiti wa klabu, au mhakiki wa gazeti?"

Nikasema naomba radhi.

"Haya, umeomba. Lakini mimi sikuisoma habari ile peke yangu. Iliposemwa ilisemwa gazetini, leo unakuja kuninong'oneza jikoni." Akanisogezea sahani. "Kula keki, usije ukaanguka kwenye boti, nikasingiziwa mimi."

"Mkutano mkuu ni Alhamisi ijayo. Nitasema pale. Ungekuja."

"Alhamisi nina kwaya."

Mkutano ulihudhuriwa na wanachama arobaini na mmoja. Ajenda ya saba ilikuwa kunitangaza mwanachama wa heshima. Kabla sijavishwa nishani nilimwomba mwenyekiti wetu wa sasa, Ragnfrid Øyen, dakika tano. Nikausoma uhakiki wa 1978. Nilipofika kwenye sebule, wazee wa safu ya mbele walicheka. Walikuwa bado wanaikumbuka. Nikasoma tarehe mbili za kibaoni. Nikasema kwamba Gudveig aliniambia saa kumi, kwamba sikupiga simu, kwamba niliandika nikijua, na kwamba nakala nilizituma mimi.

Kisha sauti ikatoka nyuma: "Huyo ndiye Asgaut wetu! Hata dhambi zake zina tarehe!"

Walicheka, wakapiga makofi. Halafu wakasimama.

"Sikusema ili mpige makofi," nilisema.

Wakazidisha. Ragnfrid alinibandika nishani kifuani, akaninong'oneza, "Wangapi wangethubutu? Wewe ni mfano kwetu, mzee." Nilisimama pale, nimepewa heshima mara ya pili kwa onyesho lilelile, na mwenye onyesho hayupo.

Kumbukumbu za mkutano zilipotoka niliangalia ajenda ya saba. Ziliandika: "Mwanachama wa heshima alishukuru kwa hotuba ya kuchangamsha yenye visa vya zamani." Nilimpigia Ragnfrid nikataka irekebishwe.

"Asgaut, usijitese. Hakuna aliyekufa."

"Si suala la kufa. Sikushukuru, na haikuwa ya kuchangamsha."

"Basi niandike nini?"

Nilimtajia neno kwa neno. Aliandika, akihema kwenye simu.

Katika kitabu niliuchapa uhakiki mzima, na chini yake tarehe za Hallstein pamoja na maelezo ya mistari sita. Gazeti lilikubali kutoa sahihisho, ingawa mhariri aliuliza mara mbili kama nina uhakika wa mwaka. Nilitoa nakala kumi na moja za sahihisho hilo, nikazituma kwa anwani kumi na moja zilezile. Saba zilirudi na karatasi ya posta: mpokeaji hajulikani. Klabu nne ambazo bado zipo hazijajibu, na sioni wangejibu nini.

Gudveig hakupiga simu. Sikumtarajia.

Mwezi Aprili, wiki tano baada ya sahihisho kutoka, nilikuwa kwenye boti. Mbele yangu walikaa wanawake wawili wa umri wa binti yangu, mmoja amempakata mtoto.

"Mwanangu mkubwa ameanza piano," alisema mwenye mtoto.

"Kwa nani?"

"Kwa Sebule, pale shule ya muziki."

"Ah, Sebule ni mwalimu mzuri. Hivi kwa nini wanamwita hivyo?"

"Sijui. Tangu nazaliwa nasikia wanamwita hivyo."

"Gudveig Aspøy," nilisema.

Waligeuka, wakanitazama.

"Anaitwa Gudveig Aspøy. Hilo jina jingine nilimpa mimi, nikijua kwamba si kweli."

Mwenye mtoto alitabasamu kwa adabu, tabasamu wanalopewa wazee wanaowasemesha watu botini, akamfunga mtoto kofia vizuri. Boti ilipogusa gati walishuka kabla yangu. Nikamsikia mwenzake akimuuliza, kwa sauti ya chini, somo la Sebule linaanza saa ngapi.