Gari Lililosimama Ndutu

Lohay alimwona duma juu ya kichuguu, lakini hakumwonyesha kwa kidole. Alipunguza mwendo, akaliacha gari litambae hadi likasimama kwa mbali, mahali ambapo jua lingekuwa nyuma ya kamera, kisha akazima injini.

"Dada Aikande," alisema kwa sauti ya chini, "tazama kile kichuguu cha kushoto. Usiinuke kwa haraka."

Aikande aliinuka taratibu kwenye paa lililo wazi, akaegemeza lenzi yake ndefu juu ya mfuko wa mchele aliokuja nao ili isitikisike. Alitazama kwa kitambo.

"Ni yule wa jana?"

"Ndiye."

"Na watoto?"

Lohay alikuwa akiwatafuta kwa darubini. Majani ya nyika ya Ndutu yalikuwa mafupi, mabichi, yametapakaa vimaua vyeupe baada ya mvua. Alimwona mtoto wa kwanza chini ya kichuguu, manyoya yake ya mgongoni yamesimama kama moshi. Wa pili alikuwa akiuchezea mkia wa mama yake. Lohay alizungusha darubini upande mmoja, akairudisha, akazungusha tena.

"Wawili," alisema.

"Jana walikuwa watatu."

"Ndiyo. Jana walikuwa watatu."

Jana Lohay ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaona, akachukua redio ya gari na kusema, kama anavyofanya kila dereva wa wageni katika nyika ile. Aliyeona, anasema. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, lakini ndiyo iliyomlea Lohay alipoingia kazini akiwa hajui korongo lipi ni lipi. Basi alisema kwamba Machozi yuko korongoni na wanawe. Redioni duma huitwa Machozi kwa sababu ya ile michirizi myeusi ya usoni, ili wageni wasielewe wakaanza kushangilia kabla hawajafika.

Magari yalikuja kutoka kila upande. Swala aliyekuwa akiviziwa aliinua kichwa, akaenda zake. Mama duma alipita katikati ya magari akiita kwa ile sauti yake nyembamba kama ya ndege, na watoto wawili wakamfuata. Wa tatu alibaki upande wa pili. Kila alipojaribu kuvuka, gari moja lilisogea ili mtu apate picha nzuri zaidi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aikande mwenyewe alipiga picha nyingi. Jua lilipoelekea kuzama wakaondoka wote, na Lohay akajiambia kwamba mama hakosi kumrudia mwanawe.

Leo mama huyo alikuwa amekonda, ubavu umeingia ndani. Upande wa pili wa kichuguu swala tomi alikuwa akila majani na ndama wake, wakisogea bila wasiwasi. Duma aliwaona. Alishuka kichuguuni polepole, akalala chini, akaanza kunyata. Nyuma yake watoto wawili walijilaza kimya kama walivyofundishwa.

"Anawinda," Aikande alinong'ona. Kamera yake ilianza kutoa mlio mdogo.

Hii ilikuwa asubuhi yake ya mwisho Ndutu. Alikuwa akitengeneza kitabu cha wanyama kwa ajili ya watoto wa shule za msingi, na picha zote alitaka azipige mwenyewe. Siku ya kwanza alimwambia Lohay, "Mimi nimekulia Machame, mlima nauona kila nikifungua mlango. Lakini duma wangu wa kwanza nilimwona chuo kikuu, kwenye kalenda ya mtu." Alishampata tembo, alishampata simba, alishampata nyumbu anayezaa. Alibakiza duma anayekimbia.

Redio ilikwaruza.

"Lohay, Lohay. We Mmbulu, umelala?"

Alikuwa Kisioki, Mmasai wa Endulen, dereva mwenzake.

"Sijalala, kaka."

"Una chochote? Wazee wangu wanapanda ndege mchana na Machozi hawajamwona hata mkia. Bibi ameanza kuniangalia kama mimi ndiye niliyemficha."

Lohay alimtazama duma. Alikuwa amesimama, mguu mmoja wa mbele hewani.

"Huku kweupe, kaka. Nyumbu tu."

Kabla ya hapo hakuwa amewahi kusema uongo redioni.

"Kweupe?"

"Kweupe."

Redio ilikwaruza tena. "Mbona umesimama? Nakuona kutoka huku juu. Umesimama kitambo."

Lohay alikirudisha kipaza sauti mahali pake. Hilo hakuwa amelifikiria. Ndutu, gari lililosimama lina sauti kubwa kuliko redio. Nani husimama kutazama nyumbu, wakati nyumbu wamejaa kote? Alitazama kwenye kioo. Vumbi la gari la Kisioki lilikuwa limeinuka mlimani, na nyuma ya vumbi hilo lilikuwa limeanza kuinuka jingine, la dereva aliyemwona Kisioki akikimbia.

"Dada, wanakuja."

"Amebakiza kidogo tu," Aikande alisema bila kuondoa jicho kwenye kamera. "Akiruka sasa nampata."

"Tukibaki watakuja hapa. Tukiondoka watatufuata sisi."

Kamera ilinyamaza.

"Lohay, sina asubuhi nyingine."

"Najua."

"Hakuna njia nyingine?"

"Kama ingekuwepo ningekwambia."

Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo. Angeweza kuwasha bila kumuuliza, lakini aliona hiyo nayo ingekuwa dhuluma. Alisubiri, huku vumbi likikua kwenye kioo. Aikande alielekeza lenzi kwa wale watoto wawili. Hakupiga. Aliwatazama tu, walivyojibana kwenye majani, kisha akaketi na kuiweka kamera mapajani.

"Washa," alisema. "Polepole."

Lohay alirudi kinyumenyume kwa utaratibu, na yule swala hakuinua kichwa. Walipofika mbali aligeuza gari, akakanyaga mafuta, akatimua vumbi la makusudi. Vumbi la mlimani likapinda likamfuata. Alikwenda mpaka kwenye mgunga uliokuwa peke yake, akasimama chini yake.

"Inua kamera, dada."

"Nipige nini?"

"Huo mti."

Aikande akauelekezea mti lenzi. Kisioki alifika, kisha magari mengine mawili, na watu wakasimama kwenye mapaa wakikodolea matawi matupu.

"Chui?" dereva mmoja aliuliza.

"Naona mkia," mgeni wake alisema, akaanza kupiga picha.

Kisioki alilileta gari lake dirisha kwa dirisha na la Lohay. Aliutazama mti kuanzia juu mpaka chini. Mtu aliyechunga ng'ombe porini tangu utotoni hadanganywi na mti.

"Hapa hakuna kitu," alisema kwa sauti ambayo wageni wasingeisikia.

"Hakuna."

"Na kule ulikotoka?"

"Yupo Machozi. Nimekudanganya."

"Umenidanganya mimi? Mimi niliyekuokota unazunguka Ndutu kama mbuzi aliyepoteza kundi?"

"Wewe."

"Nipe sababu kabla sijakutukana mbele ya wageni."

"Jana watoto walikuwa watatu, kaka."

Kisioki alizima injini. Jana gari lake lilikuwa la upande wa pili, upande aliobaki yule mtoto.

"Na leo?"

"Wawili."

"Yule aliyebaki kwetu?"

"Hayupo."

Kisioki aliishika sehemu ya juu ya usukani kwa mikono miwili, akaitazama mikono hiyo. Nyuma yake bibi mwenye kofia ya majani bado alikuwa akiutabasamia mti, kamera yake ndogo imening'inia mkononi.

"Huyu bibi nitamwambia nini?"

"Sijui."

"Hujui. Umeamua wewe, mzigo nabeba mimi."

Ilikuwa kweli.

Kisioki aliwasha gari, akaondoka bila kuaga. Hakwenda upande wa kichuguu, alishika njia ya ziwani, na kwa mwendo aliokuwa nao wale wengine wawili walidhani ameona kitu, wakamfuata. Lohay alikaa akisikiliza redio. Mtu alisema ndege heroe wamejaa ukingoni mwa ziwa. Mtu mwingine akauliza kama kuna mwenye pampu ya tairi. Sauti ya Kisioki haikusikika, na asubuhi yote iliyobaki hakuna aliyeliita jina la Lohay.

"Turudi?" Aikande aliuliza.

"Hapana, dada."

"Hata kwa mbali?"

"Hata walipotuona tulikuwa mbali naye."

Aikande aliitikia kwa kichwa. Baadaye aliinama, akamwonyesha Lohay kioo kidogo cha kamera. Yalikuwepo majani, vimaua vyeupe, na katikati masikio mawili ya duara ya yule mama akinyata, ambayo mtu angeweza kuyapita bila kuyaona.

"Wa leo ndiye huyu tu niliyempata," alisema. "Nitamweka hivyohivyo. Watoto watamtafuta."

Lohay aliyatazama masikio yale kwa muda.

"Unadhani amekula?" Aikande aliuliza.

"Natamani iwe hivyo."

Alikata usukani kulia, akashika njia ndefu ya kuelekea uwanja wa ndege, ile isiyopita karibu na kichuguu.