Klampu ya Kushoto

Nilipunguza mwinuko, basi. Kisu cha mashine yetu kikimaliza kutoboa shimo moja hupanda juu kabisa, kinavuka, ndipo kinashukia lingine. Bosi wetu Ephantus alikuwa amenikalia tangu asubuhi kwamba kazi inajikokota, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nikaingia kwa programu, nikaandika mwinuko mdogo. Sikukumbuka kwamba klampu ya kushoto, kile chuma kinachobana mezani kipande tunachotoboa, ni ndefu kuliko zingine.

Anayeendesha mashine ni Kyengo, mtu mzima, mpole, wa mtaa wa Landless. Hapa karakana programu ikiguswa lazima ipitishwe hewani kwanza: kisu kinacheza juu juu bila kugusa chuma, tuone kinapita wapi.

“Warigia, tuipitishe hewani?” akaniuliza.

“Fundi, nimebadilisha kitu kidogo tu. Wacha uoga, endesha.”

Akaendesha. Kisu kiligonga ile klampu kikavunjika, na mashine yenyewe ikapinda shingo inayoshika kisu. Ephantus alikuja mbio. Kompyuta hakuiangalia hata kidogo, aliangalia klampu.

“Kyengo, hii ni nani alifunga?”

“Ni mimi.”

“Basi kusanya vitu zako uende.”

Mdomo wangu huu, ambao nyumbani Gatongora wanasema hauna breki, ukafunga. Nikajiambia nitasema baada ya chai. Chai tukanywa ikaisha, na mimi nilikuwa nikimenya yai kama mtu hajafanya kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, na maskini aliniamini, hata hakushuku kile kitu kidogo nilichobadilisha. Ngai, nilijichukia. Lakini pia niliogopa kufutwa, na woga ndio ulishinda.

Kabla ya kuondoka Kyengo alikuja kwangu, ovaroli yake ameikunja vizuri kwapani.

“Nionyeshe nilikosea wapi,” akasema. “Sitaki kurudia mahali nitaenda.”

Tulikuwa wawili tu. Ningesema wakati huo. Badala yake nilichukua klampu, nikaiweka mezani kando ya pale alipokuwa ameifunga, na alikuwa ameifunga sawa kabisa.

“Ungeifunga hapa,” nikamwambia.

Aliinama akapaangalia kwa makini. Akapapima kwa vidole, akarudia maneno yangu polepole yasimtoke. Halafu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumfundisha.