Kabla Ngoma Hazijaingia

Wanajeshi walipoipora redio mwezi wa Agosti 1999, walibeba kanda zote za rumba, viti, hata pazia la studio. Kilichosalimika ni mashine ya diski, na hiyo ni kwa sababu ilikuwa nyumbani kwa Alexis, fundi wa mitambo, ikitengenezwa. Ndani yake ilikuwamo diski moja tu. Ilikuwa ya Mfini mmoja, injinia aliyekuja kurekebisha antena, akaijaribu mashine kwa muziki wa kwao, kisha akapanda ndege pale Bangboka kabla njia hazijafungwa. Jalada alikuwa amemwachia Annette: msitu mweupe kwa theluji, na vijana wanne wenye nywele za kufika kiunoni, mmoja wao amekumbatia kodiani.

Annette alikuwa mtangazaji, mwenye miaka ishirini na sita, binti pekee wa Mama Clothilde wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Hakuwa mtu wa kutulia. Hata kabla ya vita alisoma habari amesimama, mguu mmoja ukigonga sakafu, na mkurugenzi wake, Papa Urbain, alikuwa amechoka kumwambia akae. Redio iliporudi hewani kwa nguvu za betri mbili za gari, Annette ndiye aliyesema kwamba diski moja ni afadhali kuliko ukimya.

Wimbo wa kwanza ulianza taratibu. Mwanamke aliimba peke yake, kwa sauti ya kijijini, kama anayeita ng'ombe wake kutoka mbali, na chini ya sauti hiyo nyuzi zilidonolewa moja moja. Halafu, bila kuonya, gitaa za umeme zikanguruma na ngoma zikashuka kama lori limemwaga mabati. Mwanaume akafoka kutoka kooni. La ajabu ni kwamba wimbo wa yule mwanamke haukufa. Uliendelea katikati ya makelele, kodiani ikiusukuma mbele. Alexis, mtu wa rumba tangu utoto, alisema hao vijana wamechukua wimbo wa bibi yao wakautia kwenye kinu cha kusagia muhogo. Annette aliupenda papo hapo. Hakuwahi kusikia muziki unaokwenda mbio sawa na moyo wake.

Siku ya kwanza kuupiga hewani, watu wa mtaa wa Tshopo walikuwa wamefungua redio kwa sauti ya juu, wakishangilia kwamba imerudi. Ngoma zilipoingia, mtu mmoja akasema wameanza tena. Hakuna aliyesubiri kuuliza nani. Watu walibeba magodoro na watoto, baiskeli za toleka zikagongana barabarani, na mama mmoja akavunjika mkono. Giza lilipoingia mji mzima ulijua kwamba ilikuwa muziki, na wengi walicheka, lakini Annette hakuweza kucheka.

Kesho yake aliitwa na kamanda wa jeshi lililoshika sehemu ile ya mji. Aliulizwa ni nani aliyemtuma kutawanya raia, na wimbo ule unampelekea nani habari gani.

"Ni muziki tu, mon commandant," Annette alisema. "Iko Kifini. Hapa hakuna mutu anaisikia."

"Donc unapigia watu maneno yenye wewe mwenyewe haujue?"

"Maneno siyajue. Lakini ule mama anaimba muzuri."

Kamanda akaamuru kwamba mama aimbe apendavyo, ila ngoma zisisikike tena hewani. Zikisikika, redio itafungwa, na yeye atafungwa pamoja nayo.

Basi ikawa hivyo. Kila jioni saa kumi na mbili, kabla ya matangazo ya watu waliopotezana, Annette aliweka wimbo ule, akasimama na kidole juu ya kitufe. Mwanamke akiimba ubeti wa pili na kuvuta pumzi, alikata. Akichelewa kidogo tu, ngoma zingetoka. Miezi tisa hakuchelewa hata mara moja. Kaswera, mama mfanyabiashara wa Butembo aliyeuza maharagwe na chumvi kwa jumla upande wa pili wa barabara, alirekebisha saa yake kwa wimbo huo. Lubunga nako, Mama Clothilde hakukosa jioni hata moja. Wimbo ulipokatika aliwaambia majirani kuwa huo ni mkono wa mtoto wake, kisha ndipo alipokwenda kuepua chungu.

Lakini wimbo unaokatwa kila siku mahali pamoja humwachia mkataji kitu kifuani. Annette aliamka alfajiri akiwa ameuma meno. Alizunguka studio huku na huku, akaanza barua asizimalize.

Jumatatu, tarehe tano Juni, majeshi mawili ya kigeni yakaanza kupigana tena, na mji katikati yao. Papa Urbain alikuwa kwake Mangobo na hakuweza kurudi. Annette na Alexis walibaki studio. Siku mbili walitangaza kila walichoambiwa na watu waliothubutu kufika dirishani: barabara ipi isipitwe, mtoto wa nani amehifadhiwa kwa nani. Umeme wa mji ulikuwa umekwisha, lakini betri zao zilikuwa bado zinavuta, na Annette alijua kwamba ng'ambo, kwa mama yake, kuna redio ndogo ya mawe ya betri inayosikiliza.

Jumatano, saa kumi na mbili, aliweka wimbo. Mwanamke alikuwa bado kwenye ubeti wa kwanza bomu lilipoanguka ng'ambo ya barabara. Vumbi lilijaa studio. Kisha wakasikia mtu akiita, si kwa nguvu, akiita tu. Alexis alikuwa ameshafika mlangoni. Annette alitazama kitufe, akatazama mlango, akatoka.

Walimkuta Kaswera chini ya mlango wa duka lake, mguu umepondeka. Walimfunga kwa kitenge, wakamburuta kuvuka barabara, na nyuma yao, kwenye spika ya studio, ngoma zilikuwa zimeingia. Zilikwenda zote, gitaa zote, mpaka wimbo ukafika mwisho wake. Wimbo wa pili ulikuwa ndiyo kwanza unaanza bomu jingine lilipoiangusha antena.

Siku zilizobaki walilala kwenye ukumbi mwembamba wa ndani, wakinywa maji ya mvua na kutafuna maharagwe yaliyolowekwa. Kaswera alisali rozari. Homa ilipomwachia nafasi, alimshika Annette mkono.

"Ile wimbo inakuwaka murefu hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Na ule bibi, katika ile fujo yote, alikuwa anaimba?"

"Aliimba mpaka mwisho."

Kaswera alifumba macho akaendelea na rozari yake.

Jumapili bunduki zilinyamaza. Vijana walimbeba Kaswera kwa mlango uliong'olewa hadi hospitali. Aliishi, lakini bila ule mguu. Annette alikwenda mtoni kwa miguu, akipita mahali ambapo hakugeuza kichwa. Ndani ya pirogi hakuweza kukaa, mpaka mpiga kasia akamwambia kwamba akitaka kuwazamisha aseme mapema.

Aliona mikeka uani kabla hajaona watu. Wanawake walikuwa wamekaa, moto unawaka katikati, na mama yake yuko kati yao amenyolewa kichwa. Wa kwanza kumwona alinyamaza, na wote wakanyamaza.

"Nilisikia ngoma," Mama Clothilde alisema. "Wewe unakataka siku zote. Siku ile haukukata, kisha radio ikakufa. Nikajua."

"Nilikuwa nabeba mutu, mama."

"Mimi nilisha kukulilia. Nilisha kumaliza."

Annette alipiga magoti. Mama yake alimpapasa vidole, viwiko, masikio, kama wanavyokagua mtoto aliyezaliwa usiku. Alipoona hakuna kilichopungua, hasira ikampanda. Alimpiga kofi la bega, akaenda jikoni, na huko ndiko walikomsikia akilia.

Wanawake hawakujua la kufanya. Mmoja alisema matanga ya mtu aliye hai ni mkosi, waende makwao. Mama Clothilde alitoka na sufuria ya lituma, ndizi za kupondwa, mikononi, macho mekundu. Alisema chakula kimekwisha kupikwa na hakitamwagwa. Kiende kwa Sikujua, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye mume wake alivuka Jumatatu asubuhi kuuza samaki na hajarudi.

Wakaenda wote, na mikeka yao. Sikujua alikuwa amekaa kwenye kizingiti, hajaanza kulia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aanze. Annette alimwambia kwamba Alexis atasimamisha antena wiki hii, hata kwa mianzi, na kwamba jina la kwanza kusomwa litakuwa la mume wake. Akaomba kalamu kwa jirani.

"Alikuwa anavaa nini?"

Sikujua aliweka kidole shingoni mwake.

"Shati ya buluu," alisema. "Huku kwa shingo inakosa bouton moja. Nilimwambia angoje nishone."

Annette aliandika yote, na ile ya kifungo pia.