Plasta za Mgongoni

Katika duka lile la dawa, hukupewa plasta mpya za maumivu mpaka urudishe pakiti tupu za zile za mwanzo. Dawa yake ilikuwa kali, na mfamasia kijana hakutaka hata moja izagae mitaani. Fundi seremala, aliyekuwa akimuuguza mama yake, hakuwahi kumwangusha. Pakiti zake alizileta zimenyooshwa, zimefungwa kwa uzi.

"Wateja wote wangekuwa kama wewe, kaka, ningelala usingizi mnono," mfamasia alimwambia asubuhi hiyo.

"Usingizi mwachie mama," fundi akacheka. "Siku hizi analala mpaka anasahau kunigombeza. Leo hata chai hakugusa."

Mkono wa mfamasia ukaganda kwenye droo.

"Ukimbandika mpya, ya zamani unaibandua?"

"Niibandue ya nini, na bado imeshika? Gundi yake inaishinda yangu ya mbao!"

"Kwa hiyo ziko wapi?"

"Si zipo mgongoni kwake, dada!"

Mfamasia alichomoka na koti lake jeupe, simu sikioni akiita gari la wagonjwa. Fundi alimfuata mbio, hajui kosa lake. Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana yake, ng'ambo ya barabara.

Mama alilala ubavu, midomo imegeuka rangi. Alivuta pumzi, akakaa, akakaa, ndipo akavuta nyingine. Mfamasia akavaa glavu, akafunua gauni.

Mgongo mzima ulikuwa plasta tupu, zimepangwa kwa mistari iliyonyooka kama vigae sakafuni.

"Nilizipanga vizuri," fundi alinong'ona, "zisimkwaruze."

Mfamasia alibandua moja moja, maana kila moja ilikuwa bado ikipenyeza dawa mwilini. Miezi yote hiyo alikuwa akiwawinda wezi, akihesabu makaratasi. Kuhusu mgongo wa mgonjwa hakuwahi kuuliza.

Gari lilifika. Mhudumu alimchoma mama sindano ya kuzima nguvu ya dawa ile. Halafu kifua kikapanda juu kwa kishindo, macho yakafunguka.

"Nani ananichuna ngozi?"

Fundi akaanguka magoti kwenye maranda ya mbao yaliyotapakaa sakafuni, analia kama mtoto.

"Na wewe, fagia humu!" mama akafoka kwa sauti ya kukwaruza.

Walipokuwa wakimpakia garini, mfamasia alimshika fundi bega.

"Kuanzia sasa, kaka, pakiti sizitaki. Niletee plasta zenyewe, zilizotoka mwilini."